Umeshika kinundu shingoni? Fanya hivi mpaka ujue kama ni kansa au sio

Mamdogo wangu alikuja Dodoma toka Mpwapwa kwenye kipaimara cha mtoto wa dada, asubuhi namfunga kilemba pale Ipagala mkono ukagusa kitu upande wa kulia wa shingo, kigumu kidogo, kama zabibu. Nikamuuliza mamdogo hiki nini, akanijibu "aah hiyo goita tu, bibi yako naye alikuwa nayo akazeeka nayo". Na kweli bibi alikuwa nayo. Ila moyo haukutulia kabisa, na toka siku ile mpaka tulipopata jibu la mwisho ilichukua karibu miezi 5, mingi yake tuliipoteza kwasababu hatukujua tuanzie wapi na tuulize nini. Mimi sio dokta, ni mwalimu, ila nimezunguka na mamdogo kila mahali, nimesoma, nimeuliza madokta maswali mpaka wengine wamenichoka, na tangu hapo ndugu na majirani kama sita hivi wamenipigia kwa shida hiyo hiyo. Ndo maana naandika, ili wewe usipoteze miezi kama sisi.

Kwanza shusha pumzi. Shingoni mbele, chini ya ile kidaka tonge (naongelea kile kigongo kigumu cha mbele ya shingo kinachocheza ukimeza), kuna tezi inaitwa thairoidi, imekaa kama kipepeo, bawa moja kulia na jingine kushoto. Vinundu kwenye hiyo tezi ni vingi mno kwa watu, yaani ukiwapima watu wazima kwa altrasaundi utavikuta kwa wengi ambao hawana habari navyo, hasa kina mama na hasa umri ukienda. Katika vinundu 100, vinavyokuja kuonekana ni kansa ni kati ya 5 na 15 hivi. Kwahiyo vingi sana sio kansa. Lakini hao 5 mpaka 15 wapo, na kwa kushika kwa mkono tu hakuna mtu anaeweza kukuambia wewe ni yupi, awe dokta, awe nesi, awe mama mkwe.

Jishike mwenyewe kwanza ujue unaongelea nini. Simama mbele ya kioo mchana kwenye mwanga, vua mtandio na mkufu, inua kidevu kidogo, chukua glasi ya maji, kunywa funda moja huku unaangalia shingo chini ya kidaka tonge. Uvimbe wa thairoidi unapanda na kushuka unapomeza, kwasababu tezi imeshikana na koo la hewa. Rudia mara mbili tatu. Ukiona kinapanda na wewe, hapo uko kwenye thairoidi. Ukiona uvimbe uko pembeni, chini ya taya au juu ya mfupa wa bega, na haupandi ukimeza, hiyo mara nyingi ni tezi nyingine kabisa, zile za kinga ya mwili, na kwetu Tanzania TB ya tezi ipo sana kwahiyo usije ukakaa miezi unasema una goita kumbe ni TB inayotibika kwa dawa, au ni kitu kingine kinachotaka kupimwa haraka. Nalo hilo linapelekwa hospitali ila kwa njia yake.

Sasa kuna watu ambao hawatakiwi kusubiri hata wiki. Sauti imekuwa ya kukwaruza zaidi ya wiki 3 na huna mafua. Unasikia chakula kinakwama, au pumzi inapiga mluzi ukilala chali. Kinundu kimekua ndani ya wiki chache mpaka watu wanakiona. Kigumu kama jiwe na hakichezi. Kuna kinundu na pembeni kuna tezi zingine zimevimba. Mtu ambae utotoni alipigwa mionzi ya matibabu shingoni au kichwani, kwasababu mionzi kwa mtoto ni kitu kinachojulikana kabisa kuleta kansa hii, baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986 waliougua kansa ya thairoidi wengi walikuwa watoto wa wakati ule. Mtu ambae mzazi wake au ndugu wa damu aliwahi kuwa na kansa ya thairoidi. Na mtoto, jamani, mtoto chini ya miaka 18 mwenye kinundu asiachwe, maana kwa watoto vinundu ni vichache ila vikitokea karibu robo yake ni kansa, hiyo ni juu sana kuliko kwa mtu mzima. Mwanaume pia, wanaume hawapati vinundu sana kama wanawake ila wakipata uwezekano wa kuwa kansa uko juu kidogo, kwahiyo baba usiseme goita ni ugonjwa wa kina mama.

Kabla sijaenda hospitali niseme la nyumbani, maana huku kwetu nimeliona kwa macho. Usichanjwe chale juu ya kinundu, usikamuliwe, usichomwe moto, na usikubali mtu anaekuambia ni kimeo akikate. Juu na kandokando ya hiyo tezi kuna mishipa mikubwa ya damu na mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, na dawa za kupaka haziingii kwenye tezi. Na chumvi, watu wananiuliza sana. Chumvi yenye madini joto ni nzuri, inakinga goita, serikali iliiwekea sheria toka miaka ya 1990 kwasababu goita ilikuwa nyingi hasa nyanda za juu kusini, kwahiyo tumia ya pakiti, ifunike, iweke chakula kikikaribia kuiva. Hasa kama nyumbani mnakula sana ugali wa uwele au muhogo, vyakula hivyo vikizidi na madini joto yakawa kidogo tezi inahangaika. Ila chumvi haiyeyushi kinundu kilichokwisha kuota, na kula chumvi nyingi kwa kudhani unajitibu unajipandishia presha bure. Vidonge na matone ya madini joto yanayouzwa mitandaoni ndo kabisa achana nayo, kwa mtu mwenye vinundu yanaweza kuifanya tezi iende mbio, moyo nao ukaenda mbio.

Haya, hospitali. Ukianzia zahanati ya mtaani hakuna shida, omba rufaa, kwa Dodoma mjini wengi wanapitia ile ya mkoa tunayoita General au wanaenda Benjamin Mkapa kule UDOM, chuo kikuu. Ukifika mueleze dokta lini ulikiona, kimekua au la, ndugu gani walikuwa na nini, na unatumia dawa gani. Akushike shingo yote, mbele na pembeni mpaka juu ya bega. Ukiona hajakushika kabisa muombe kwa heshima, "dokta naomba na pembeni unikague".

Kipimo cha kwanza cha damu kinaitwa TSH, ni homoni inayotoka kichwani kuiamrisha tezi ifanye kazi, tezi ikizidisha yenyewe hii inashuka. Hapa kina dada wanaomeza vidonge vya nywele na kucha nisikilizeni, vile vingi vina biotini, na biotini inadanganya mashine za kupima thairoidi, mtu anaonekana tezi inaenda mbio kumbe nzima. Acha angalau siku 2 kabla ya kutoa damu na umwambie dokta ulikuwa unatumia. TSH ikirudi chini, maana yake tezi inatoa homoni nyingi, na inawezekana ni hicho kinundu chenyewe kinafanya kazi kupita kiasi, ndo wale wanaotetemeka mikono, wanakonda huku wanakula, joto hawaliwezi. Hapo dokta anaweza kutaka picha maalum ya nyuklia ambayo kwa sisi mara nyingi ni safari ya Dar, hospitali ya kansa ya Ocean Road, siku hizi na treni ya SGR unaenda na kurudi bila kuteseka sana. Kinundu kikionekana kwenye hiyo picha kwamba ndo kinachochapa kazi, habari yake ni nzuri kwa upande wa kansa, vya aina hiyo ni nadra sana kuwa kansa, ila kinatibiwa kwa ajili ya moyo.

Na hili nalisema kwa nguvu zote maana ndo liliotupotezea wiki 7. TSH ikiwa nzuri HAINA MAANA huna kansa. Kansa nyingi za thairoidi haziharibu homoni hata kidogo, damu inarudi safi kabisa. Sehemu ya kwanza tuliyoenda na mamdogo walipima damu, wakatuambia majibu mazuri nendeni nyumbani, na sisi tukashukuru Mungu tukaenda nyumbani. Damu inakuambia tezi inafanyaje kazi, haikuambii kinundu kimetengenezwa na nini.

Kinachoangalia kinundu ni altrasaundi. Haina mionzi, haiumi, hata mjamzito anapigwa. Sasa ugomvi wangu uko kwenye ripoti. Ripoti yetu ya kwanza ilikuwa mstari mmoja na nusu, imesema ana goita yenye vinundu vingi, basi, hamna ukubwa, hamna umbo, hamna hata kusema viko bawa lipi. Karatasi kama hiyo haikusaidii, tukalipa tena sehemu nyingine. Kwahiyo kabla hujalala kitandani muulize mpigaji kwa upole: utaniandikia vipimo vitatu vya kila kinundu (urefu, upana na kina), na daraja la TIRADS? Akisema ndio, lala. Akisema wao hawaandiki hayo, ni bora ujue mapema ukatafute pengine.

TIRADS ni nini, ni mpango wa kuhesabu pointi, kinundu kinaangaliwa mambo matano na kila jambo lina pointi zake. La kwanza kina nini ndani: kama ni maji matupu au kiko kama sponji pointi 0, mchanganyiko wa maji na nyama 1, nyama tupu 2. La pili rangi yake kwenye skrini ukilinganisha na tezi yenyewe, kikifanana au kikiwa cheupe zaidi 1, kikiwa cheusi zaidi 2 (kwenye ripoti utaona neno kama haipoekoiki, ndo hiyo), cheusi sana 3. La tatu umbo, kikiwa kimelala hakuna pointi, kikiwa kimesimama wima, urefu wake kwenda ndani ni mkubwa kuliko upana, pointi 3 hapo hapo. La nne kingo, zikiwa laini 0, zikiwa na mabonde mabonde au zimechongoka 2, kikiwa kimetoboa kutoka nje ya tezi 3. La tano vidoti vyeupe, na hapa vile vidogo vidogo kama punje za chumvi iliyosagwa ndo vibaya, pointi 3, vikubwa vya chokaa ni 1 na ikiwa chokaa imezunguka pembeni ni 2. Jumlisha. Ukipata 0 ni TR1, 2 ni TR2, 3 ni TR3, 4 mpaka 6 ni TR4, kuanzia 7 ni TR5.

Uwezekano wa kansa unapanda hivyo hivyo, TR1 na TR2 ni chini ya 2 kwa mia, TR3 chini ya 5 kwa mia, TR4 kati ya 5 na 20 kwa mia, TR5 zaidi ya 20 kwa mia. Na kuchomwa sindano ya kuchukua chembe kunategemea daraja pamoja na ukubwa. TR1 na TR2 hakuna sindano. TR3 mpaka kifike sentimita 2.5. TR4 sentimita 1.5. TR5 sentimita 1. Kikiwa chini ya hapo mara nyingi wanakufuatilia kwa altrasaundi tu, na hiyo sio kutelekezwa, ni mpango.

Angalia ya mamdogo sasa ili uelewe kwanini hizi pointi ni mali. Alikuwa na vinundu vinne. Kikubwa, kile nilichokishika, kilikuwa sentimita 3.4, ndo kila mtu alikuwa anakiogopa. Kina maji na nyama 1, rangi sawa na tezi 1, jumla 2, TR2. Hakikustahili hata sindano. Lakini kushoto, ndani, ambapo hakuna mkono uliowahi kufika, kulikuwa na kingine cha sentimita 1.6, nyama tupu 2, cheusi 2, kingo zina mabonde 2, jumla 6, TR4, kimepita 1.5. Ndo kikachomwa hicho. Yaani kama tungefuata macho yetu wangechoma kile kikubwa, majibu yangetoka mazuri, tukaenda kula pilau, na mgonjwa mwenyewe yuko upande wa pili ametulia. Kwahiyo mwenye goita ya vinundu vingi usikubali kauli ya "ni vingi kwahiyo sio kansa", kila kinundu kina hesabu yake, na muulize dokta anachoma kipi na kwanini hicho. Muulize pia kama tezi za pembeni za shingo ziliangaliwa kwenye altrasaundi hiyo hiyo.

Sindano yenyewe. Watu wanaikimbia kwa sababu ya maneno ya mtaani kwamba uvimbe ukiguswa na chuma kansa inaamka inasambaa. Mamdogo alikataa mara mbili kwa sababu hiyo. Nikamuombea dokta amueleze mwenyewe na alimueleza vizuri mno kwa utulivu, kwamba sindano hii ni nyembamba, nyembamba kuliko ile ya kutoa damu mkononi, na kansa kusambaa kwa njia ya sindano hii ni nadra mno kiasi kwamba duniani kote ndo kipimo kinachotumika. Kinachosambaza ni kukaa nayo. Unalazwa chali, mto chini ya mabega, shingo inaenda nyuma, wanakusafisha, wanachoma huku wanaangalia kwenye altrasaundi (omba hivyo hasa kama kinundu hakishikiki kwa mkono), wanarudia mara 2 mpaka 5 kwasababu kila mara wanachukua chembe kidogo. Usimeze mate na usiongee wakati sindano iko ndani. Dakika 20 umemaliza, unabonyeza pamba, unaenda nyumbani, shingo inaweza kuuma kama umechubuka siku moja mbili. Kama unameza aspirini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda sema kabla, wala usiiache mwenyewe bila kuambiwa. Mjamzito anachomwa pia, haina shida, asichopaswa mjamzito wala anaenyonyesha ni ile dawa ya madini joto yenye mionzi wanayotumia kupima au kutibu tezi.

Kabla hujaondoka uliza majibu yanatoka lini, namba ya maabara ni ipi, na nani atakupigia. Piga picha fomu kwa simu. Sisi chembe zilienda kusomwa sehemu nyingine na bila ile namba tungeanza upya.

Majibu yanakuja kwa daraja linaloitwa Bethesda, la 1 mpaka la 6, limepewa jina la mji wa Marekani ambapo wataalamu walikaa wakakubaliana. Bethesda 1 maana yake chembe hazikutosha kusomwa. Hii sio "huna kansa", hii ni "hatujaona", kuna watu wanafurahi na karatasi ya Bethesda 1 inaniuma sana, sindano inarudiwa. Bethesda 2 ni nzuri, sio kansa, uwezekano wa kukosea ni kama 4 kwa mia. Bethesda 3 ni katikati, chembe zina kasoro ila hawajui, hapo uwezekano ni kama 22 kwa mia, na kawaida wanarudia sindano au wanajadili na daktari wa upasuaji kulingana na altrasaundi ilivyosema. Bethesda 4 kama 30 kwa mia. Bethesda 5 kama 74. Bethesda 6 ni 97, hapo ni kansa.

Hiyo 4 inawachanganya watu, wanasema sindano imechomwa, mtaalamu kasoma, mbona bado hawajui? Iko hivi, kuna aina inaitwa folikula ambayo chembe za uvimbe wa kawaida na chembe za kansa zinafanana kabisa, tofauti yake ni kama zimetoboa ganda la kinundu au zimeingia kwenye mishipa ya damu, na ganda sindano hailioni, mpaka kinundu chote kitoke kizima kikatwe vipande kiangaliwe. Kwahiyo ukiambiwa ufanyiwe upasuaji ili wajue, sio kwamba wanakufanyia majaribio, hakuna njia nyingine rahisi kwa mazingira yetu.

Ya mamdogo ilitoka 5. Nakumbuka tulikaa kwenye benchi nje chini ya mti, mama mmoja wa Kigogo alikuwa kakaa pembeni akatusalimia mbukwenyi na hatukuweza hata kuitikia vizuri. Ila niwaambie nilichoambiwa siku ile na ndo ukweli: kansa za thairoidi haziko sawa. Aina ya papilari ndo nyingi kuliko zote, kama 8 kati ya 10, inatembea taratibu na ikitolewa mapema watu wengi mno wanaishi maisha yao mpaka uzee. Folikula inafuata, nayo inatibika vizuri, na inaonekana zaidi kwenye maeneo yenye upungufu wa madini joto. Medula ni ya wachache, mara nyingine inaenda kwenye ukoo, ina kipimo chake cha damu kinaitwa kalsitonini, kwahiyo familia yenye historia iseme. Ile mbaya kweli ni anaplastiki, ni ya nadra, inawapata zaidi wazee, inakua ndani ya wiki, na ndo maana nilisema uvimbe unaokua haraka kwa mzee usiusubirie mavuno yaishe.

Ukifika kwenye upasuaji maswali ni haya. Wanatoa bawa moja au tezi yote, na kwanini? Kwa kansa ndogo ya papilari iliyo upande mmoja bawa moja mara nyingi linatosha, na baadhi ya watu hubaki bila kuhitaji vidonge. Daktari huyu anafanya thairoidi mara nyingi au mara moja moja? Uliza bila aibu, ni shingo yako, ukiambiwa kuna bingwa wa koo, masikio na pua au wa upasuaji anaezifanya kila wiki msubiri huyo. Wataangalia nyuzi za sauti kabla? Mshipa wa sauti unapita nyuma ya tezi, ukiguswa sauti inapwaya, mara nyingi kwa muda. Wakitoa tezi yote, uliza kuhusu kalsiamu, kuna tezi nne ndogo nyuma zinazolinda kalsiamu ya damu, zinaweza kushtuka, ukisikia midomo inakufa ganzi na vidole vinachomachoma baada ya upasuaji sema hapo hapo usiku huo huo, sio asubuhi. Kuhusu madini joto yenye mionzi baada ya upasuaji, sio kila mtu anahitaji, inategemea majibu ya kile kilichotolewa, kwahiyo hiyo karatasi ya majibu ya nyama ifuatilie mpaka uipate mkononi.

Kama tezi yote imetoka utakunywa kidonge cha thairoksini (homoni ya thairoidi) kila siku maisha yote. Kinywe asubuhi tumbo tupu kwa maji, subiri angalau nusu saa ndo chai, na vidonge vya kalsiamu au vya kuongeza damu viache vipite masaa 4 mbali nacho maana vinakizuia kuingia. Watu wanakinywa na chai ya maziwa na chapati halafu wanashangaa TSH haikai sawa.

Na kama umeambiwa sio kansa, au kinundu hakijafikia sindano, kazi haijaisha ila ni nyepesi. Tarehe ya kurudi iandikwe. TR3 mara nyingi unarudi baada ya mwaka, kisha wa tatu, kisha wa tano. TR4 baada ya mwaka, wa pili, wa tatu, wa tano. TR5 ndogo kila mwaka kwa miaka 5. Ukirudi nenda na karatasi ya zamani, kwasababu kukua kunapimwa kwa kulinganisha, kinahesabika kimekua kikiongezeka asilimia 20 kwa angalau pande mbili na milimita 2 au zaidi, tofauti ya milimita moja ni mkono wa mpigaji tu isikunyime usingizi. Ikiwezekana rudi kwa mpigaji yule yule.

Bima nayo, kabla ya kila hatua pita dirisha la bima uulize hiki kinalipiwa au la na kinataka kibali cha nani, sisi tulirudishwa mara moja toka mlangoni kwa sababu ya muhuri mmoja na mamdogo alikuwa keshafunga toka usiku.

Mamdogo alitolewa bawa la kushoto. Ikaja papilari, sentimita 1.5, haijatoka nje ya tezi. Kile cha sentimita 3.4 cha upande wa kulia bado anacho, kiko vile vile, kila mwaka tunakipima, na karatasi zote ziko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati la vyombo kule Mpwapwa, akipanda basi kuja kliniki cha kwanza namuuliza mamdogo bahasha umebeba?